Nani Anakufukuza?



Swali lililo juu ya ukurasa huu niliulizwa na mama mmoja mzee kwenye mteremko wa Kadutu, mjini Bukavu, asubuhi moja ya likizo, nilipokuwa nikipanda mbio kutoka upande wa ziwa. Yeye alibeba gunia la makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mwili umeinama kama wa mtu anayetafuta sarafu iliyomwanguka. Mimi nilikuwa mikono mitupu, miguuni nina viatu vya mbio. Aliponisikia nikija alijisogeza ukingoni, na kabla ya kunitazama mimi akatazama nyuma yangu, aone kinachokuja. Hakuona kitu. Ndipo akauliza: "Binti yangu, nani anakufukuza?"

Mtu wa nchi nyingine angelichukua swali hilo kuwa utani. Sisi tunajua kwamba halikuwa utani. Kwetu mtu mmoja akipita mbio barabarani, wenye maduka hufunga milango kwanza na kuuliza baadaye. Mji wa Bukavu ulitwaliwa kwa silaha mwaka 1996, ukatwaliwa tena mwaka 2004, na tena Februari 2025. Na miongoni mwenu mnaosoma maneno haya wako waliokimbia siku hizo, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, bila kujua wanakokwenda. Lugha yetu yenyewe inashuhudia jambo hili. Mkimbizi na mkimbiaji ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili wametokana na kitenzi kimoja, nao wanatofautishwa na mwisho wa neno tu. Lakini mmoja tunamjua sana, na mwingine tunamwona kwenye televisheni.

Ninaandika kwa sababu nimesikia maneno mawili katika vikundi vyetu vya vijana, nami sikubaliani na lolote kati yake. La kwanza linasema kwamba kukimbia milimani kwa kujifurahisha ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba nchi iliyochoka kama yetu haina haki ya kutoa jasho la bure. La pili linatoka kwa wale wanaoupenda mchezo huo: wanataka tuandae mbio za vilima, tuweke kombe na bahasha kwa watatu wa kwanza, na mambo yaishe hapo. Nimekimbia msimu mzima, kuanzia Oktoba hadi Agosti, nilipokuwa masomoni Fribourg, nchini Uswisi. Si bingwa wala mwalimu wa michezo. Ila nimeona baadhi ya mambo ambayo yanaweza kutusaidia kufikiri.

Fribourg ni mji uliopandana na bonde. Mto Sarine unapita chini, mitaa ya zamani imeshikilia ukingoni, na kati ya mji wa chini na wa juu kuna ngazi nyingi, pamoja na kigari cha kamba kilichoanza kazi mwaka 1899, ambacho hadi leo huteremshwa kwa uzito wa maji machafu ya mji. (Nilipowaeleza wenzangu nyumbani habari ya kigari hicho walidhani ninawadanganya.) Mwezi wa kumi wa mwaka wangu wa kwanza niliona maelfu ya watu wakiingia mjini mbio kutoka Murten, mwendo wa kama kilomita 17. Mbio hizo zimekuwapo tangu mwaka 1933, nazo hukumbuka vita vya 1476, Waswisi walipomshinda Charles, mtawala wa Burgundy. Inasimuliwa kwamba mjumbe alikimbia kutoka uwanja wa vita hadi Fribourg, tawi la mti mkononi, akatangaza ushindi, akaanguka akafa. Hadithi ni hadithi. Lililonigusa ni kwamba nilikuwa sijawahi kufikiria mtu anayekimbia kutoka vitani kwa sababu ya habari njema. Tena niliambiwa kwamba wanawake waliruhusiwa rasmi kushiriki mbio zile mwaka 1977 tu. Basi mabinti wanaochekwa kwetu wanapovaa viatu vya michezo wasidhani kwamba huko Ulaya mlango ulikuwa wazi tangu zamani.

Nikaanza mazoezi, na nikaanza vibaya. Kila siku nilitoka kwa kasi yote niliyokuwa nayo, nikirudi chumbani nimeishiwa pumzi, nikiridhika kwamba nimeumia. Nadhani kosa hili lina mizizi katika malezi yetu: tumezoea kupima kazi kwa maumivu yake. Kufikia Februari muundi wa mguu wangu wa kulia ulikuwa ukiuma hata ninaposhuka kitandani. Nilificha. Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha wakimbiaji wa kawaida, walimu, wauguzi, fundi mmoja wa mabomba, na sikutaka waseme kwamba Mwafrika pekee kati yao ndiye aliyevunjika wa kwanza. Mnaona jinsi kiburi kinavyojua kuvaa bendera ya taifa. Mwisho nilikaa wiki tatu bila kukimbia, na yule fundi wa mabomba, aliyekuwa na umri wa baba yangu, akanieleza jambo ambalo ningalipaswa kuuliza mwanzoni: kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mkimbiaji ni mwendo wa polepole. Kipimo ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda vizuri; ukishindwa, punguza, na penye mlima mkali tembea, mikono magotini, bila aibu. Siku ya kasi ni moja au mbili katika wiki. Na mwili haujengeki wakati unapokimbia, bali unapolala.

Jambo la pili nililojifunza ni la kushuka. Anayetazama kwa mbali hudhani kwamba taabu iko katika kupanda. Kupanda huchosha moyo na mapafu, nayo yakipumzika dakika chache hurudi. Kushuka huharibu mapaja, kwa maana kila hatua msuli unarefushwa huku unazuia uzito wa mwili usiporomoke. Huo uharibifu mdogo mdogo huusikii siku ile, unausikia kesho na keshokutwa, unaposhuka ngazi kinyumenyume kama mzee. Dawa yake ni kushuka tena, taratibu, baada ya siku kadhaa, maana msuli uliokwisha kuumia mara moja kwa namna hiyo hujiimarisha na safari ya pili hauumii vile. Kwa hiyo tulikuwa tukienda mara kwa mara kwenye mlima Moléson, wenye mita 2,002, si kwa ajili ya kufika juu bali kwa ajili ya kuteremka.

Huko ndiko nilikoanza kusikia desturi za watu wa mbio za milimani. Mbio zao mashuhuri kuliko zote ni zile za kuuzunguka Mont Blanc, zinazoanzia na kuishia Chamonix, Ufaransa, zikipita Italia na Uswisi: zaidi ya kilomita 170, na jumla ya kupanda kama mita 10,000. Zilianza mwaka 2003. Mshiriki hakubaliwi njiani bila kubeba taa za kichwani, kipenga, blanketi jembamba la kumkinga na baridi, maji na chakula cha akiba. Na kanuni zinamtaka kila mshiriki amsaidie mwenzake aliye katika hatari. Sifa ya mchezo huo ni kwamba mlima ndio unaoshindaniwa. Wenzako si maadui zako, ni watu waliopanda nawe mahali ambapo gari la wagonjwa haliwezi kufika. Hayo yote niliyakubali kwa kichwa. Kuyakubali kwa miguu ni kitu kingine, kama nitakavyowaeleza.

Mbio nilizochagua mimi ni ndogo kuliko hizo, ingawa kwangu zilikuwa kubwa vya kutosha: Sierre-Zinal, katika jimbo la Valais, zinazofanyika kila Agosti tangu mwaka 1974. Ni kilomita 31. Unaanzia Sierre, mita 585 juu ya usawa wa bahari, unapanda msituni bila kupata mahali pa kunyoosha mgongo hadi kijiji cha Chandolin, karibu mita 1,400 juu ya ulipoanzia. Kisha njia inafuata ubavu wa mlima hadi Hotel Weisshorn na sehemu iitwayo Nava, mita 2,425, halafu inateremka hadi Zinal. Ukiwa juu unaona vilele vitano vinavyozidi mita 4,000: Weisshorn, Zinalrothorn, Obergabelhorn, Cervin na Dent Blanche. Mtu wa Kivu asitishwe na hizo mita 2,425. Kahuzi wetu una 3,308.

Lililonivuta kwenye mbio hizo ni mpango wake. Washiriki wamegawanyika katika makundi mawili. Liko kundi la wakimbiaji wa kasi, na liko kundi wanaloliita la watalii, yaani watu wa kawaida: wazee, akina mama, mtu na binti yake, mimi. Watalii huanza kabla ya mapambazuko, taa vichwani, na wakimbiaji huanza saa kadhaa baadaye, katika njia ile ile, kuelekea mstari ule ule. Hivyo ikafika saa, baada ya Hotel Weisshorn, tukasikia sauti nyuma yetu, tukajibana kwenye majani ya ukingoni, na wale wa mbele wakapita. Nilikuwa nimewaona watu wa namna hiyo katika picha tu. Kwa karibu unasikia pumzi zao, nazo si tofauti sana na zetu. Mmoja alisema "asante" kila alipopishwa, mtu baada ya mtu, mpaka sauti yake ikapotea mbele.

Sasa nitasema lile nisilopenda kulisema. Nilikuwa nimejiwekea lengo la saa 7. Nilipoanza mteremko wa mwisho saa yangu ya mkononi ilinionyesha kwamba naweza kulifikia, ila bila dakika ya kupoteza. Kwenye kona moja alikaa mwanamume juu ya jiwe, ameshika paja kwa mikono miwili, uso mweupe. Nilipunguza mwendo. Nikamuuliza kama yu mzima. Akainua mkono, ishara ambayo ingeweza kuwa "ndiyo" au "ngoja". Nikaisoma kuwa "ndiyo", kwa sababu ndivyo nilivyotaka isomeke, nikaendelea. Nilijiambia kwamba nyuma yangu wako wengi.

Nilimaliza kwa saa 6 na dakika 57.

Nilikuwa nimekwisha kunywa chai na kula machungwa, nimekwisha kuwapigia simu watu wa nyumbani, alipoingia yule mwanamume, akichechemea, mwanamke mmoja wa makamo amemshika kiwiko. Huyo mwanamke alikuwa na namba kifuani kama yangu. Nilikuwa nimempita mapema, pale Nava. Hakuna aliyewapiga picha. Alimkabidhi kwa watu wa huduma ya kwanza, akatazama huku na huku kama aliyesahau alichokuja kutafuta, akaenda kupanga mstari wa chai. Sikwenda kuzungumza naye. Hata leo, nikiulizwa muda wangu wa Sierre-Zinal, ninautaja nikitazama pembeni.

Sisemi kwamba saa ni mbaya. Kilian Jornet, Mkatalani aliyeshinda mbio hizo mara nyingi, mwaka 2019 alikimbia kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 35, akiivunja rekodi ya Jonathan Wyatt wa New Zealand iliyodumu tangu 2003. Mwaka 2024 Jornet alirudi akaipunguza rekodi yake mwenyewe kwa sekunde moja. Miaka mitano, sekunde moja. Kuna kitu kizuri katika hilo, kama fundi anayepiga randa ubao uliokwisha kuwa laini. Anayefanya hivyo anajua anachokitafuta. Lakini mimi niliuza kitu kwa ajili ya dakika tatu ambazo hazikuwa na faida kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Ndiyo maana siwezi kukubali mbio za kombe na bahasha. Tunajua mashindano yetu yanavyokuwa: wenye matumaini ya kushinda ni sita au saba, waliobaki husimama kando ya njia wakipiga makofi, na bahasha ikishatolewa kila mtu anakwenda kwake wakati wa mwisho bado yuko njiani. Tukiandaa mbio za vilima, na ningependa sana tuziandae pale ambapo hali inaruhusu, waanze kwanza wale wa polepole. Mzee anayetaka kutembea atembee. Awepo mmoja wetu, tena mwenye nguvu, atakayekwenda nyuma ya mtu wa mwisho tangu mwanzo hadi mwisho, na chakula kisiguswe kabla hao wawili hawajafika. Atakayesimama kwa ajili ya aliyeumia arudishiwe muda wake kwenye daftari. Najua vijana wengine watasema hayo si mashindano. Watakuwa na haki kidogo. Mwenye kipawa cha kweli anahitaji kupimwa na wenye vipawa, na kikundi kinachomnyima hilo kwa jina la usawa kinamdhulumu. Basi naye apewe nafasi yake, aanze baadaye, atupite sote. Na atakapopishwa, aseme asante.

Kuhusu neno lile la kwanza, la anasa, sina jibu rahisi. Ni kweli kwamba viatu vyangu vilinunuliwa kwa fedha za mfadhili wa masomo yangu, na kwamba nauli ya treni hadi Sierre ingeweza kulisha watu. Ni kweli pia kwamba katika miji yetu wako wanawake wanaopanda kila siku kuliko nilivyopanda mimi siku ile moja, na hakuna anayewafunga namba kifuani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami nilikuwa nimewapita wanawake hao maisha yangu yote bila kufikiri kilo ngapi zimo ndani ya gunia. Lakini mwili ambao haujui ila kufukuzwa na kubebeshwa ni mwili wa mtu mwingine, umekopwa na vita na njaa. Mtu akipanda kilima kwa sababu amependa, akasimama anapotaka, akarudi chini kwa wakati wake, kwa saa ile moja miguu ni yake. Sidhani kwamba hilo ni la walioshiba peke yao. Waliokimbia Februari ile ndio wanaolihitaji kuliko wengine.

Yule mama wa Kadutu nilimjibu: "Hakuna, mama. Ninakimbia tu."

Alinitazama kwa muda. "Basi kama hakuna anayekufukuza," akasema, "nishikie gunia hili nipumue."

Palikuwa na ukuta mfupi kando ya njia. Nilishika gunia kwa mikono miwili, naye akaivua kamba kichwani. Uzito wote ukanijia, magoti yakalegea, na kama asingelisukuma kwa kiuno likaegemea ukuta, lingetuangusha sote wawili. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Miguu unayo," akasema, "mgongo bado." Tukakaa. Akataka kujua kule Ulaya tunakimbilia nini. Nikamwambia kuna mlima, tunaupanda, tunashukia upande wa pili.

"Na mizigo?"

"Hatubebi, mama. Maji tu."

"Na mkifika?"

"Tunapewa chai."

Aliifikiria sana hiyo chai. Halafu akatazama juu, kule njia inakopotea kati ya nyumba, akasema kwamba ameipanda njia ile tangu alipokuwa msichana, na kwamba angependa siku moja aipande mikono mitupu, aone ilivyo. Akasimama, akainamisha kichwa, nikamsaidia kuirudisha kamba mahali pake, nikamfuata nyuma kwa mwendo wake hadi sokoni.